Mpira Mweusi wa Jumatano

Nilikuwa nimekaa saluni, Chaussée de Wavre, huku Ulaya, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, mume wa mwenye saluni alipobadilisha chaneli na kuondoka zake. Ndio hao wanaume: anakuwekea kitu ambacho yeye mwenyewe hakiangalii, kisha anatoka nje kuvuta sigara. Kwenye skrini ikatokea meza ya kijani. Kijana mwembamba mwenye kizibao cheusi na tai ya kipepeo alikuwa akipaka chaki ya buluu kwenye ncha ya fimbo yake, taratibu, macho yake yakiwa mbali kabisa na pale. Nikakakamaa shingo. Msusi akanivuta sikio.

“Maman, tulia. Unataka mistari ipinde?”

Chaki ile. Nyumbani kwetu ilikuwa kila mahali: kwenye swichi za taa, kwenye mlango wa friji, kwenye vitenge vya Koko, na mara nyingine hata kwenye mkate. Mama yangu, Maman, alikuwa akipiga kelele asubuhi na jioni kwamba anaishi na fundi rangi. Leo ningetoa chochote nione tena alama ya kidole cha buluu kwenye swichi ya jikoni. Lakini nyumba ile tulihama, na waliotufuata bila shaka walipaka ukuta rangi siku ya kwanza.

Tulikuwa wanne, ghorofa ya tano kule Berchem-Sainte-Agathe: Maman, mimi, Koko ambaye ndiye mama yake Maman, na Tonton Mugisho, kitinda mimba wa Koko na mwanawe pekee wa kiume. Koko alitoka naye Bukavu akiwa bado anambeba mgongoni. Nani alifia njiani na nani alibaki, hayo hayakusemwa mbele yangu. Nilichojua ni kwamba Koko hakuweza kulala kama Tonton hajarudi, hata alipokuwa mwanaume mzima mwenye ndevu. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha mpaka asikie lifti, ndipo anasema, “Bon, sasa naweza kulala.”

Tonton alijifunza snuka kwenye chumba cha nyuma cha mkahawa mmoja wa mtaani, akaendelea hivyo hivyo mpaka akawa mchezaji wa kulipwa. Hilo la kulipwa Koko alilitamka kanisani kwa sauti ya polepole na ndefu, ili hata waliokaa nyuma walisikie. Mchezo wenyewe aliuelewa kwa namna yake. Tulikuwa tukiutazama pamoja kwenye kompyuta ya Tonton, mimi nikimweleza kwamba ule mweupe ndio unaopigwa na fimbo, nao unaisukuma mipira mingine kwenye matundu.

“Ile nyeupe inafukuzaka zingine zote mu mashimo, yeye inabakia juu ya meza,” akasema Koko. “Eh! Hii mchezo naijua. Tuliionaka kwetu.”

Nikamwambia kwamba mweusi ndio wenye pointi nyingi kuliko yote, na huingizwa mwisho. Alicheka mpaka akajifuta machozi. “Nyeusi njo iko na bei kubwa? Basi wazungu walitunga hii mambo siku walikuwa bamelewa.”

Msimu ule ulikuwa wa pili kwa Tonton kati ya wachezaji wa kulipwa, na kanuni zao hazina huruma. Kila shindano la viwango lina pointi zake. Usipopanda vya kutosha kwenye orodha, msimu ukiisha unatolewa, unarudi kucheza mikahawani na walevi. Shindano lililobaki lilikuwa moja tu, Ujerumani, na hesabu ilikuwa wazi hata kwangu mtoto: afike robo fainali, au yaishe. Aliondoka Jumapili baada ya ibada. Koko alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, akamwombea pale pale mlangoni, lifti ikifunguka na kufunguka nyuma yao, jirani mmoja akisubiri ndani kwa uso wa kununa.

Jumatatu Koko alianguka jikoni. Nilikuwa shuleni. Niliporudi nilimkuta jirani yule yule wa lifti ndiye ananifungulia mlango, na Maman yuko hospitali.

Sasa nieleze jambo ambalo wasomaji wa kwetu wanalijua, na wengine waziambie roho zao zitulie. Kwetu habari mbaya haitupwi kwenye simu kama ujumbe wa kununua chumvi. Mtu akiwa safarini haambiwi. Akiwa kazini haambiwi. Anaachwa afike kwake, anaketishwa, anapewa maji, anazungukwa na watu wake, na mmoja mwenye umri ndiye anayefungua mdomo. Nimeuona utaratibu huo ukiokoa watu, sitasema uongo. Lakini nimeuona pia ukifanya nitakayoyasema.

Mwenye umri kwetu alikuwa Papa Déo, shemasi, mtu wa Bukavu kama sisi, aliyekuwa akiitwa katika kila nyumba yenye ndoa au msiba. Alikuja Jumatatu ile ile jioni. Niliwasikia jikoni, yeye na Maman, mimi nikijifanya ninafanya kazi za shule.

“Daktari anasema tuite watu wote,” Maman alisema. “Papa Déo, Mugisho njo batu bote. Nimupigie.”

“Umupigie umuambie nini? Kesho anacheza. Unakumbuka ule kijana banaambia kifo ya mutoto wake eko ku volant, anaendesha motokari? Hakufika.”

“Mugisho hayuko ku volant. Eko ku hôtel.”

“Ni kazi yake, maman. Maisha yake yote iko pale. Sikia. Akipoteza kesho, kesho jioni eko mu train, anakuta mama yake. Akishinda, donc Mungu ndiye anataka abakie. Tumuachie Mungu.”

Nilisikia maji ya bomba yakifunguliwa na kufungwa. Nami, kwa akili yangu ya wakati ule, nilielewa neno moja tu kati ya yote: Mungu anataka Tonton ashinde. Nilifurahi. Koko nilidhani amekwenda kupumzika, kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa, na hospitali kwangu ilikuwa mahali penye vitanda vinavyopanda na kushuka kwa kitufe.

Jumanne alishinda. Alipiga simu jioni kama alivyozoea, akaomba aongee na Koko. “Koko amelala,” Maman akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ila mkono wake wa pili ulikuwa umeshika ukingo wa sinki. Nilitaka kupokea simu nimpongeze, akaniondoa kwa macho.

Jumatano nyumba ilijaa. Wamama wa kanisa walikuja na vyungu, Papa Déo akaja na wanaume wawili, kompyuta ikawekwa juu ya kabati ili kila mtu aone. Nilikuwa sijawahi kuona watu wengi namna hiyo wakitazama snuka. Nikajisemea, kumbe Tonton ni mtu mkubwa! Nilikaa mbele kabisa, sakafuni, nikiwa mtaalamu wao, nikigeuka kila mara kuwaeleza.

Mechi ilikuwa ya uchungu. Alikuwa nyuma, akafikia, akaachwa tena, akafikia tena, mpaka ikabaki fremu moja ya kuamua. Nayo ikaenda hivyo hivyo, mpaka mezani ukabaki mpira mweusi peke yake, na atakayeuingiza ndiye mshindi. Ulikuwa umekaa vibaya, umegusana na ukingo mrefu, mbali na tundu. Tonton aliizunguka meza. Alipaka chaki. Aliinama, akainuka, akainama tena. Nyuma yangu hakuna aliyepumua, isipokuwa Maman aliyekuwa akinong’ona neno moja, haraka haraka, midomo ikitikisika. Nilidhani anasema “ingia, ingia.”

Akapiga. Mweusi ukatambaa kandokando ya ukingo, polepole, polepole jamani, ukafika kwenye mdomo wa tundu, ukasitasita. Kisha ukaanguka.

Niliruka juu. “Ameshinda! Tonton ameshinda!” Nilipiga makofi peke yangu. Nikageuka. Hakuna aliyesimama. Mama mmoja alikuwa amejiziba mdomo kwa kitenge. Papa Déo alikuwa akitazama viatu vyake. Maman alikuwa ametazama ile skrini kana kwamba imemtukana, kisha akaingia chumbani akafunga mlango. Nikajua tatizo: hawa watu hawajaelewa kanuni. Nikaanza kuwafundisha upya, kwa sauti, kwamba mweusi ukiingia mwisho maana yake tumeshinda sisi. Mama yule akanivuta, akanibana kifuani kwake hata nikakosa hewa. “Nyamaza, mutoto,” akasema. “Tumeelewa.”

“Bon,” Papa Déo akasema. “Tusali.” Wakasali. Nao hawakuomba ashinde wala hawakuthubutu kuomba ashindwe. Waliomba mapenzi ya Mungu yatimie, wakasema amina kwa sauti za chini, wakaenda nyumbani na vyungu vyao.

Alhamisi, baada ya shule, nilipelekwa kumwona Koko. Alikuwa amepungua ghafla, mikono yake juu ya shuka imekuwa ya mtu mwingine, lakini alinijua. Akauliza, “Mugisho eko wapi?” Maman akasema, “Eko nakuya, Mama. Eko mu njia.” Mimi sikupenda uongo huo. Nilikuwa na habari njema, na hakuna aliyekuwa akiitoa. Nikapanda kwenye ukingo wa kitanda nikamweleza yote: ukingo mrefu, mpira uliotambaa, tundu.

“Alishinda?” akauliza.

“Alishinda, Koko! Na leo anacheza tena!”

Aliniwekea kiganja shavuni, kikavu na chepesi. “Bon,” akasema. “Ule njo mutoto wangu. Basi atachelewa.” Akageuza uso upande wa ukuta. Nilidhani amechoka, nami nikaanza kuchezea kile kitufe cha kitanda mpaka nesi akanikemea. Hakusema tena na mtu yeyote baada ya hapo. Maneno yake ya mwisho duniani ni hayo, na mimi ndiye niliyeyabeba bila kujua nimebeba nini.

Jioni ile Tonton alishinda tena, akafika robo fainali, nafasi yake ikawa salama. Maman alimrukia Papa Déo kabla Tonton hajamaliza kupeana mikono na mwenzake kwenye skrini. “Sasa amepata! Nafasi amepata! Nimupigie?” Nilijiuliza kwa nini analia akidai simu, wakati simu iko mkononi mwake. Papa Déo akasema usiku wote hakuna treni, kijana atazunguka hotelini kama mwendawazimu, tumwache alale, asubuhi yeye shemasi mwenyewe atampigia. Kabla ya asubuhi hiyo kukucha vizuri, Koko alikufa.

Na hapo ndipo mlango ulipofungwa kabisa. Ugonjwa ungeweza kusemwa kwenye simu, kwa shida. Kifo, hapana. “Kwetu hatusemaka kifo ku téléphone,” Papa Déo akasema, na safari hii hakuna aliyebishana naye, hata Maman. Atacheza mpaka ashindwe. Atakuja nyumbani. Ataketishwa. Wakakubaliana kwamba hakuna kuweka picha kwenye simu, hakuna kuandika “pumzika”, na hakuna kulia. Kilio hakiwezi kuanza kabla mwenye mama hajaambiwa, majirani wasije wakasikia, habari ikatembea. Ijumaa hiyo wamama walikuja mmoja mmoja wakiwa na macho mekundu, wakavua viatu, wakaingia jikoni, wakaanza kupika sombe, yale majani ya muhogo, kimya.

Jamani, niseme ukweli wangu: ilikuwa siku nzuri sana kwangu. Viti vya plastiki vya kanisa vililetwa na lifti, vikarundikwa kwenye korido. Kochi likasukumwa ukutani. Vyungu vikubwa, vile vya harusi, vikachemka. Wanawake waliokata kitambaa kimoja wakawa wanashona vilemba mezani. Nimekwenda harusi na ubatizo, najua fête inavyoandaliwa. Na fête ya nani kama si ya Tonton? Hakuna aliyeniambia vingine, kwa sababu mtoto haambiwi. Ijumaa akashinda robo fainali, na vyungu vikaongezwa. Hesabu yangu ilikuwa inaingia sawasawa.

Jumamosi mchana alishindwa kwenye nusu fainali. Alishindwa vibaya, hata kukaribia hakukaribia. Nilikuwa nimeinamisha kichwa nikilia nilipomsikia mama mmoja nyuma yangu akisema, “Asante Yesu.” Nilimgeukia kwa hasira ambayo bado naikumbuka kwenye meno. “Unashukuru nini? Ameshindwa!” Hakuna aliyenigombeza. Hilo nalo lilinishangaza.

Kwa hiyo jioni, lifti iliposikika, niliwahi korido kabla ya wote. Tonton alitoka na sanduku lake jembamba la fimbo begani, uso umechoka, vidole vya buluu. Nilimwonea huruma. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumfariji tangu mchana.

“Usihuzunike, Tonton,” nikamwambia. “Wamekuandalia fête hata kama umeshindwa. Watu wote wako.”

Alitabasamu kidogo. Alikuwa anataka kuniinua kama kawaida yake. Kisha macho yake yakapita juu ya kichwa changu, yakaona viti vilivyorundikwa. Yakaona viatu mlangoni, viatu vingi, vya kike na vya kiume, vimepangwa kimya kimya. Nyumba yenye viatu vingi hivyo inapaswa kuwa na kelele. Aliweka sanduku chini kwa uangalifu, akaegemea ukuta.

“Koko eko wapi?” akaniuliza.

“Hospitali. Amelala.”

Mlango ukafunguka. Papa Déo alitoka na glasi ya maji mkononi. “Mugisho, mwanangu. Ingia, uikale chini kwanza.”

“Sitaki maji,” Tonton akasema.

“Ikala, mwanangu.”

“Papa Déo, sitaki ile maji! Usinipe ile maji!” Na sauti yake ilikuwa ya mtoto, mdogo kuliko mimi. Ndani ya nyumba, kilio walichokuwa wamekimeza tangu jana kikapasuka kwa mara moja, wanawake wote, na ghorofa nzima ikasikia. Nami nikasimama katikati ya korido, nguo yangu nzuri mwilini, nikielewa kila kitu kwa mpigo, kuanzia jikoni ya Jumatatu.

Alipoweza kuongea, baadaye, amekaa sakafuni karibu na dirisha alipokuwa Koko akimngojea, aliuliza swali moja tu. Hakuuliza alikufa lini. Aliuliza, “Alisemaka mpaka siku gani?”

Maman ndiye aliyesema. “Jeudi, Alhamisi. Mpaka mchana.”

Nikamwona anahesabu. Kila mtu mle ndani alimwona anahesabu. “Mercredi, Jumatano ile,” akasema. “Ile nyeusi ya mercredi. Ilisimama kwanza. Muliona? Ilisimama ku mulango ya shimo.” Akainua kidole cha buluu, akaonyesha hewani mahali mpira uliposita. “Ningeikosa, asubuhi nilikuwa hapa.”

“Mungu ndiye—” Papa Déo akaanza.

“Hapana,” Tonton akasema. “Ni mimi. Mimi njo niliiingiza.”

Nafasi yake ilibaki kwenye orodha. Hakuitumia hata siku moja. Msimu mpya ulipoanza hakwenda, na walifuta jina bila kelele. Sasa anatunza wazee katika nyumba moja ya wazee kule Auderghem. Anakemewa na wakubwa wake kila mara, kwa sababu mzee akianza kuzimika, yeye hangoji utaratibu. Anawapigia simu yeye mwenyewe watoto wa mzee huyo, wakiwa kazini, wakiwa njiani, popote: njoo leo. Na watu wetu wanamsema kwamba Ulaya imemharibu, hana adabu, anatangaza habari mbaya kwenye simu. Papa Déo alikufa akiwa ameheshimika. Tonton alikwenda mazikoni, akabeba jeneza na wengine. Matokeo ya shindano lile bado yako kwenye mtandao, na ile picha ya mweusi unaotambaa watu wanaendelea kuitazama na kuandika chini yake: ajabu, ujasiri gani huu. Maman aliniambia, nilipokuwa nimeshaolewa, neno alilokuwa akinong’ona siku ile nyuma yangu. Halikuwa “ingia.”

Kwenye skrini ya saluni walikuwa wamebaki na mpira mmoja, mweusi. Yule kijana mwembamba alizunguka meza, akapaka chaki, akainama.

“Kosa,” nikasema.

Msusi akasimamisha mikono kichwani mwangu. “Maman, unamjua?”

“Simjui.” Macho yalikuwa yameshajaa, sikujali. “Kosa, mwanangu. Kosa uende nyumbani.”

Akapiga. Mpira ukaingia moja kwa moja, bila kusita, na watu ukumbini wakasimama kumpigia makofi.